Simu ya kwenye kivinjari imfikie mwenye bando dogo

Mwaka 2010 Google ilinunua kampuni ya Global IP Solutions kwa takriban dola milioni 68 za Marekani. Kazi ya kampuni hiyo ilikuwa kuuza programu za kusafirisha sauti na picha kwenye intaneti. Mwaka uliofuata Google ikaiweka teknolojia hiyo hadharani, kila anayetaka aichukue bure. Huo ndio mwanzo wa WebRTC, inayokiwezesha kivinjari chenyewe kupiga simu ya sauti au ya video: mtu anabonyeza kiungo alichotumiwa, anaruhusu maikrofoni, anazungumza. Hana haja ya kupakua chochote.

Haikukubalika kirahisi. Kampuni zilivutana miaka kadhaa kuhusu namna ya kubana video, na muafaka ukapatikana mwishoni mwa 2014: vivinjari vibebe VP8 na H.264, zote mbili. Kivinjari cha Safari cha Apple kilijiunga 2017, na Januari 2021 W3C, shirika la viwango vya wavuti, likaipitisha WebRTC rasmi. Leo Google Meet na Jitsi zinaitegemea, na simu janja ya bei ya chini yenye Chrome tayari inayo.

Huduma nyingi zinazotolewa kwa njia ya mtandao hapa kwetu Tanzania, hata hivyo, bado humwambia mgonjwa au mwanafunzi apakue kwanza programu nzito, wakati simu yake imeshajaa. Akifanikiwa, kamera inawaka papo hapo. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, tena hiyo ni ya upande mmoja wa mazungumzo. Kwa mtu anayejiunga bando la siku, huo ni mzigo usio wa lazima.

Sauti haina gharama hiyo. Kila kivinjari chenye WebRTC kinalazimika kuwa na Opus, kodeki (njia ya kubana sauti) iliyosanifiwa 2012, ambayo inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde. Kwa kilobiti 24 mtu anasikika vizuri kabisa. Kwa kawaida maneno yake hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kila sekunde, na kila kimoja husafiri kikiwa na anwani yake. Hata ukijumlisha uzito wa anwani hizo, saa nzima ni kama megabaiti 18 kwa upande mmoja. Kipande kikipotea njiani, Opus hukisia kilichokosekana kwa kufuata sauti iliyotangulia. Na mhandisi akitaka, kila kipande kinaweza kubeba nakala hafifu ya kilichokitangulia. Mtandao unayumba, lakini mama anaendelea kumweleza daktari homa ya mtoto ilianza lini.

Basi sauti itangulie, na kamera iwashwe pale tu daktari anapohitaji kuona upele au kidonda. Kuomba maikrofoni bila kamera ni badiliko dogo mno kwenye programu. Anayeshindwa kulifanya hajamfikiria mtumiaji wake.

Kuna jambo la pili, na hili ni la wakubwa. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo mara nyingi simu mbili hushindwa kuunganishwa moja kwa moja na hulazimika kupitia seva ya kati. Seva hiyo ikiwa Ulaya, sauti ya mtu wa Temeke anayezungumza na mtu wa Kariakoo huvuka bahari kwenda na kurudi. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kumfikia msikilizaji. Safari hiyo hula sehemu kubwa ya muda huo bure. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Watanzania waliona jinsi njia hiyo inavyoweza kuzibika ndani ya siku moja.

Tiba ipo: programu ya seva ya kati, coturn, ni ya bure. Dar es Salaam na Nairobi zina vituo ambako mitandao hubadilishana data bila kutoka nje ya nchi. Isitoshe, WebRTC hufunga mazungumzo kwa usimbaji wa lazima, kwa hiyo seva inayopitisha tu haiwezi kusikiliza siri za mgonjwa.

Hospitali, mahakama na vyuo vya umma viandike hayo kwenye zabuni zao: kiungo kifunguke kwenye kivinjari, sauti itangulie, seva iwe nchini. Mzabuni aonyeshe mbele ya kamati, kwa simu ya bei ya chini na bando la kawaida. Akishindwa, asipewe kazi.