Taa Mahali Pake

Kila mwaka, majuma machache kabla ya Noeli, na tena kabla ya Ijumaa Kuu, maneno ni yale yale katika parokia zetu. Wachezaji wamekwisha jifunza mchezo. Nguo zimeshonwa. Waimbaji wako tayari. Ndipo mkubwa wa kundi anakuja kwa padri na kusema: «Padri, tununulie taa nyingine. Mwaka jana watu hawakuona kitu.» Watu wanachanga franka, taa mbili kubwa zinanunuliwa, zinatundikwa palepale zilipotundikwa zile za zamani. Siku ya mchezo inafika. Na watu wa nyuma hawaoni kitu.

Tunataka kusema wazi, hata wengine wakikasirika: shida ya michezo yetu si uchache wa taa. Shida ni mahali pa taa. Tena liko jambo la pili, zito kuliko la kwanza: kwa sababu hatujui mahali pa kuweka taa, tunawatupia kosa watoto wetu na rangi ya ngozi yao. Hilo halifai kunyamaziwa.

Tulikuwako katika parokia moja, hatutaitaja jina, siku walipochagua msichana wa kuigiza Mwenye Heri Anuarite. Msichana mmoja alijua maneno yote, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni. Hakuchukuliwa. Aliambiwa: «Wewe ni mweusi mno, usiku hutaonekana.» Wakamtwaa mwenzake aliye mweupe kidogo, asiyejua nusu ya maneno, wakampaka poda usoni. Yule wa kwanza akapewa kazi ya kuvuta pazia.

Ndugu wasomaji, Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akatangazwa Mwenye Heri hapa kwetu, Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985. Eklezya nzima ilimtazama binti wa Kongo na kumheshimu jinsi Mungu alivyomwumba. Je, sisi tutamwonyesha kwa uso wa poda? Na yule mtoto aliyeshika kamba ya pazia, atajifunza nini siku ile juu ya Mungu aliyemwumba?

Sasa tuulize: kosa lilikuwa la nani? Tulilichungulia jukwaa lile. Nyuma ya wachezaji palitandikwa shuka jeupe, pana, safi. Juu katikati ya dari ilining'inia ampuli moja kali. Mbele ya wachezaji hapakuwa na taa hata moja. Shuka liling'aa kama ukuta wa chokaa wakati wa adhuhuri.

Jicho la mtu hujipima kwa kitu king'aacho kuliko vingine mbele yake. Kikiwako kitu cheupe sana, mboni inajifinya, na vitu vingine vyote vinageuka giza. Jaribu nyumbani kwako. Keti ndani mchana, umsimamishe mtu mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake. Utaona umbo lake. Uso wake hutauona, awe mweusi, awe Mzungu. Basi ni shuka lililomfukuza yule msichana, wala si ngozi yake. Tungeliondoa shuka, angaliweza kucheza.

Dawa yake ni rahisi. Nyuma ya wachezaji tundika kitambaa cha rangi nzito: buluu ya usiku, kahawia, au kijani cha majani makavu. Wachezaji wasikiegemee, wasimame mbele yake hatua mbili au tatu, ili mwanga wa nyuso usianguke juu ya kitambaa. Kisha weka taa moja ndogo juu na nyuma kidogo, upande mmoja, iguse mabega na kichwa. Mara moja mtu anatengana na kitambaa, kama mti unavyotengana na mlima asubuhi. Tena ngozi nyeusi ina fadhili yake: mwanga wa upande unaipa mng'ao katika paji na katika shavu, na kila neno la uso linasomeka. Poda inaufuta mng'ao huo. Aliyepaka mafuta yake ya kila siku ataonekana vizuri kuliko aliyepakwa unga.

Hata nguo nyeupe zina shida ile ile. Shela la Bikira Maria na kanzu za malaika zikipigwa na taa kali, zinameza nyuso. Mafundi wa teatri wana mbinu ya zamani, nayo haiombi mchango: chovya nguo katika maji ya chai, uikamue, uianike. Kwa mtazamaji itabaki nyeupe, lakini haitapigana na uso.

Tuje sasa kwenye mahali pa taa. Bwana wetu aliposema habari za taa, hakuuliza ni ngapi. Aliuliza imewekwa wapi, chini ya chombo au juu ya kinara. Laiti wakubwa wa makundi yetu wangelifikiri neno hilo kabla ya kuomba franka!

Taa iliyo juu ya kichwa cha mchezaji inaangaza nywele na pua. Macho yanakuwa mashimo mawili. Akivaa kofia au kitambaa kichwani, uso wote unapotea. Taa iliyowekwa chini, miguuni pake, inamfanya mzimu: kivuli cha pua kinapanda mpaka kwenye paji. Hiyo yafaa kwa Herode au kwa shetani, lakini si kwa Yozefu. Mahali pema ni mbele na juu, upande wa kuume na upande wa kushoto. Kipimo chake hata mtoto wa shule anakiweza: kadiri taa inavyopita uso kwenda juu, iwe mbali vilevile mbele ya uso. Ikiwa juu ya uso kwa meta mbili, iwe mbele yake kwa meta mbili. Dari likiwa la chini, sogeza taa mbele zaidi. Kivuli kitapungua, lakini macho yataonekana.

Taa mbili hizo zisiwe na nguvu sawa. Moja iwe karibu kidogo, ya pili mbali kidogo, ili uso uwe na upande wa mwanga na upande wa kivuli laini. Zikilingana kabisa, uso unakuwa bapa kama sahani. Neno hili si letu. Mwalimu mmoja wa chuo cha Yale, Marekani, jina lake Stanley McCandless, alilieleza katika kitabu mwaka 1932: taa mbili kwa kila sehemu ya jukwaa, zikitoka juu kwa mshazari, moja huku na moja huku. Mpaka leo mafundi wengi wanaanza kazi yao kwa kanuni hiyo. Miti miwili mirefu iliyosimamishwa vizuri, kamba, na taa mbili: hiyo ndiyo mali yote inayotakiwa kwa jukwaa la meta tatu au nne. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Na ambako hakuna umeme? Huko ndiko tunakoona upumbavu mkubwa zaidi: watu wanangoja usiku ili wakodi mashine ya umeme, na jua la bure limewapita. Teatri ya Globe ya London, iliyojengwa mwaka 1599, ambamo michezo ya Shakespeare ilichezwa, haikuwa na taa za jukwaa. Walicheza mchana. Walipotaka kuonyesha usiku, mchezaji aliingia ameshika mwenge, na watu wote walielewa. Sisi tunaweza vilevile. Saa sita jua liko utosini, nalo linatoboa mashimo ya macho sawasawa na ile ampuli ya dari. Lakini mnamo saa tisa za mchana limeshuka nusu ya njia, na limesimama karibu kwa mshazari ule ule tuliousema. Jenga jukwaa lako wachezaji waelekee magharibi, watazamaji wawe na jua mgongoni. Mungu amekwisha kutundika taa, tena haizimiki katikati ya mchezo.

Tunajua watakaotupinga. Wa kwanza watasema: «Mchezo ni maneno. Watu wakisikia, yatosha.» Si kweli. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijulikana kwa michezo yake ya Kiswahili katika redio na katika televisheni. Redioni sauti yatosha, ndiyo. Lakini mbele ya watu uso nao unasema. Petro anapomkana Bwana mara ya tatu, kisha anageuka na kukutana na macho yake, hakuna neno linalotamkwa. Asiyeona uso wa Petro hapo ameupoteza mchezo wote. Na ni nani asiyeona? Si wakubwa walioketi katika viti vya mbele. Ni mama mwenye mtoto mgongoni, ni mzee mwenye macho mabovu, ni mtu aliyetembea tangu asubuhi akafika amechelewa. Taa mbaya huwanyima kwanza wale wa nyuma.

Wa pili watasema: «Vijana wanapenda taa za rangi, zile zinazowakawaka kama za dansi.» Tunajua wanazipenda. Lakini mwanga mwekundu unaifuta midomo, na buluu nzito inazika nyuso. Usiku wa Betlehemu hauonyeshwi kwa giza, maana giza halionyeshi kitu. Punguza taa moja, ya pili uiache, weka buluu hafifu kwenye kitambaa cha nyuma. Watu watajua ni usiku, na bado watamwona Mtoto. Kuhusu taa za kupepesa, tuseme kwa ukali: ziko nyuso zinazoanguka kwa sababu yake. Kwa wagonjwa wengine wa kifafa, mwanga wa kupepesa unaweza kuamsha kifafa palepale. Katika nyumba ya parokia, hatuna haki ya kumwangusha jirani yetu kwa ajili ya kupendeza.

Wa tatu watasema: «Taa nyingi zina ubaya gani? Zikiwapo, tutumie.» Hapo tunajibu kwa habari ya huzuni. Tarehe 4 Mei 1897, huko Paris, wakatoliki walikuwa na soko la sadaka kwa ajili ya maskini, lililoitwa Bazar de la Charité. Nyumba ilikuwa ya mbao, dari ilikuwa ya kitambaa. Ndani walionyesha sinema, na taa ya mashine ile iliwaka kwa etha. Katika kuijaza, kiberiti kiliwashwa karibu. Kwa dakika chache walikufa watu zaidi ya 120, wengi wao wanawake. Bibi mkuu wa Alençon, dada wa Malkia Elisabeth wa Austria, alikufa humo. Mashahidi walisimulia kwamba alikataa kutoka kabla ya wengine. Miaka sita baadaye, tarehe 30 Desemba 1903, katika siku za Noeli, cheche ya taa ya jukwaa iligusa pazia katika teatri ya Iroquois huko Chicago. Teatri ilikuwa mpya, na ilisifiwa kwamba haiwezi kuungua. Walikufa watu kama 600, wengi wanawake na watoto, kwa kuwa milango mingine ilikuwa imefungwa au haikujulikana kufunguliwa.

Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuja kutenda mema au kufurahi, kama sisi. Basi tusiunganishe taa sita juu ya waya mmoja mwembamba na prizi moja. Waya ukipata joto mkononi, umekwisha kutuonya. Mashine ya wati 1000 tusiichoshe mpaka mwisho wa nguvu zake. Hakuna sababu tena: taa ya ledi ya wati 10 inatoa mwanga kama ampuli ya zamani ya wati 60 au zaidi. Mishumaa ya kweli isiwe mikononi mwa watoto waliovaa nailoni na ndevu za pamba. Taa ya petroli isisimame karibu na pazia. Milango yote ibaki pasipo kufuli mchezo unapoendelea, na kwa kila mlango asimame mtu mzima mmoja. Ndoo za mchanga ziwe tayari. Maji yasimwagwe juu ya moto wa umeme kabla ya kuukata.

Hatusemi kwamba parokia isinunue taa kamwe. Nyumba kubwa yahitaji zaidi, na mfadhili akileta, ashukuriwe. Lakini kabla ya kuomba hata franka moja, mkubwa wa kundi aingie ndani usiku na wachezaji wawili, aketi katika benchi la mwisho, aseme: «Sogeza taa ile mbele. Shusha shuka lile.» Aendelee hivyo mpaka aone macho ya wote wawili. Ikiwa bado haoni, basi aende kwa padri.

Na yule msichana wa pazia? Mwaka huu, enyi wakubwa wa makundi, mwiteni. Mpeni maneno yake. Mkitaka kumwona, hamisheni taa.