Kalinzi si adui wa sheria

Mwandishi aliyedai kwamba migogoro ya mashamba Kivu Kusini itakoma siku mila zitakapofutwa anasahau kuwa dawa hiyo tumeshainywa. Sheria ya ardhi ya Kongo ya Julai 20, 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Kwa mashamba ya vijijini, kifungu cha 389 kiliahidi agizo la Rais la kupanga haki za wanaoyalima. Agizo hilo halijatoka mpaka leo.

Pengo hilo ndilo linalotuumiza. Kwa Washi wa Kivu Kusini, kalinzi ilikuwa mapatano kamili: familia inampelekea mwami (mtawala wa jadi) au chifu wake ng'ombe, mashahidi wanaona, na shamba linarithiwa na watoto. Baada ya 1973, aliyeijua njia ya ofisi ya ardhi Bukavu aliweza kupata hati juu ya kilima chenye watu. Mama anapanda kilimani na jembe lake Walungu au Kabare, anakuta waya umezungushwa kwenye mihogo yake. Na ndiyo, baadhi ya machifu walishiriki kuuza mashamba hayo; hilo silifichi.

Namkubalia mwandishi huyo jambo moja tu, tena zito: mila humnyima binti shamba la baba yake, ilhali Sheria ya Familia ya 1987 inawapa watoto wote urithi sawa. Hapo mila ibadilike.

Lakini kalinzi zisajiliwe. Wazee waliozishuhudia bado wako hai. Waitwe, ushahidi wao uandikwe sasa, shamba kwa shamba, majirani wakiwa wamesimama mpakani.