Mbona Twaupuuza Mwisho wa Utendi?

Kila nisahihishapo insha za fasihi hukuta jambo lilelile: mwanafunzi ameuchambua mwanzo wa utungo kwa ufasaha, kisha mwisho ameupa sentensi moja. Chukua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Nani asiyemkumbuka mama mgonjwa akimwita bintiye asogee na wino na karatasi? Lakini waulize hao hao utendi unaishaje, watanyamaza.

Mwanzo huo, pamoja na uzuri wake, una mengi ya mapokeo. Wino, karatasi na sifa za Mola zimo katika tenzi nyingi za zama zile. Mwishoni ndiko mama huyu anakoacha kusema na Mwana Hashima peke yake, akawageukia wanawake wote wausome; ndiko anakoitia kazi yake tarehe, 1275 Hijria. Wosia wa nyumbani umekuwa waraka wa umma.

Walimu ndio wa kulaumiwa kwanza, nami nimo. Beti hizo twaziita "hitimisho tu", tukaziruka ili silabasi iishe. Mwana Kupona alifariki yapata 1860. Mgonjwa aliyejua muda wake ni mfupi hakuziandika ili kujaza karatasi.