Daftari Nene, Kichwa Kitupu

Uko mtindo katika madarasa yetu ambao wengi huusifu, nami naushutumu: mwalimu husoma, wanafunzi huandika neno kwa neno mpaka kengele ilie. Kazi hiyo huitwa kuandika madokezo. Si kweli, hiyo ni imla, na imla huwafaa makarani.

Mwalimu anapoeleza kuwa Bonde la Ufa lilifanyika ardhi ilipodidimia baina ya nyufa mbili ndefu, mnakili hujaza nusu ukurasa asijue kilichodidimia. Mwenzake aliyesikiliza kwanza huchora mistari miwili, mshale ukielekea chini katikati, na maneno matano ya kwake mwenyewe. Ni yupi aliyefundishwa?

Nitajibiwa kuwa mtahini hutaka maneno ya mwalimu. Naye mtahini akiligeuza swali kidogo tu, maneno hayo yatamfaa nini aliyeyakariri?

Tena yako maradhi ya pili: daftari hufungwa jioni, likafunguliwa mkesha wa mtihani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kuwa sehemu kubwa ya tujifunzayo hutupotea katika saa za mwanzo, kisha kusahau hupungua kasi. Basi usiku uo huo, kabla ya taa kuzimwa bwenini, funika daftari ulieleze somo kwa kinywa chako. Pale utakapokwama tia alama, na kesho umuulize mwalimu, hata akikunja uso.