Je, Kizuri Chajiuza Chenyewe?

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vijana wanaomaliza masomo huambiwa kinyume chake: kwamba asiyejitembeza katika intaneti hatapata kazi. Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 1997, wakati Tom Peters, mwandishi wa Marekani wa mambo ya uongozi wa biashara, alipohimiza kila mtu ajitangaze kama bidhaa itangazwavyo. Yafaa wazo hilo lipimwe kwa uchunguzi, si kwa shauku.

Mwaka 1973 mchumi Michael Spence alieleza kuwa mwajiri hawezi kuuona uwezo wa mwombaji kabla ya kumwajiri, hivyo hana budi kutegemea dalili. Lakini dalili huwa na thamani pale tu inapomgharimu zaidi asiye na uwezo kuliko aliye nao. Kujiita "mbunifu" au "kiongozi" hakuna uzito, maana hata mvivu aweza kuyaandika maneno hayo kwa dakika moja. Bali mwanafunzi wa ufundi anayeonyesha michoro ya pampu aliyoiunda, akaeleza kasoro zake na namna alivyozirekebisha, ametoa dalili ambayo si rahisi kuighushi.

Mwaka huohuo Mark Granovetter, mtaalamu wa elimu ya jamii, alichapisha uchunguzi wake uliofanyika karibu na mji wa Boston. Miongoni mwa watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu, asilimia 17 hivi tu waliambiwa na mtu waliyeonana naye mara kwa mara. Sababu yake ni wazi: rafiki wa karibu huzijua habari zile zile ambazo mwenzake anazijua, mtu wa mbali huleta habari mpya. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa matokeo ya majaribio ya miaka mitano yaliyowahusu watumiaji wapatao milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn. Yalionyesha kuwa watu wanaofahamiana kwa mbali, wenye marafiki wachache wa pamoja, walisaidia zaidi katika kupata kazi mpya kuliko marafiki wa karibu.

Hapo ndipo lilipo tumaini la kijana asiye na mjomba ofisini. Intaneti yaweza kuifikisha kazi yake machoni pa watu ambao ukoo wake hauwajui. Kizuri hujiuza kikiwa sokoni. Kikifichwa uvunguni hakina mnunuzi.

Hata hivyo, mtu asidanganyike. Nafasi zikiwa kumi na waombaji mia, wote wakijitangaza, tisini watabaki bila kazi. Jina zuri laweza kubadili nani aajiriwe. Haliongezi ajira hata moja. Anayemwambia kijana kuwa amekosa kazi kwa sababu hakujitangaza vya kutosha anamtwika mzigo usio wake.

Basi shule zisifundishe majigambo. Kila mwanafunzi aweke daftari la kazi tangu Kidato cha Kwanza, na kila muhula aandike jambo moja alilolifanya, alilokosea na alilojifunza. Daftari hilo likija kuwekwa katika intaneti baadaye, litakuwa na la kusema.