Franga 5 Yenye Kukosekana

Mwezi huu tuongee juu ya kopo moja ndogo ya bati.

Katika nyumba moja ya Manika, hapa Kolwezi, kijana mumoja alirizi kopo ile toka kwa nkambo wake, mutumishi wa zamani wa Union Minière. Ndani alikuta vipande viwili vya feza ya Katanga ya mwaka 1961: franga 1 na franga 5. Upande mumoja kuna ndizi, upande mwingine kuna musalaba wa Katanga, ule wa shaba ambao wazee wetu walilipana nao mbele ya feza za wazungu.

Kijana akauliza watu wenye kujua. Wakamuelezea kwamba serikali ya Moïse Tshombe, iliyotangazwa tarehe 11 Julai 1960 na kuisha mu Januari 1963, ilitoa vipande vya namna tatu tu. Viwili vya shaba, njo vile anavyo. Cha tatu ni franga 5 tena, picha ile ile, mwaka ule ule, lakini ni cha zahabu. Vilitengenezwa 20.000 tu.

Tangu siku ile hakulala vizuri. Mbele alikuwa na vipande viwili na furaha. Sasa aliona tu ile fasi tupu.

Ninyi wenye kukusanya tembre ao picha za wachezaji, munajua ugonjwa huu. Ya kwanza zinakuja zenyewe. Ya mwisho inakula feza kuliko zote. Na mara mingi si uzuri unaoleta bei. Mu Marekani, kampuni ya Topps ilitoa mwaka 1952 karata 407 za wachezaji wa besiboli. Zile za mwisho, kuanzia namba 311, zilitoka wakati mashindano yalikaribia kuisha. Watu hawakuzinunua sana, na mwaka 1960 masalio yakatupwa baharini. Namba 311 ni Mickey Mantle. Karata yake moja iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12 na nusu na zaidi. Kikaratasi tu! Kwetu vilevile, wakati wa vita ya Mai 1978 watu walikimbia na watoto na sufuria. Nani angekumbuka kubeba albamu ya tembre?

Turudie Manika. Siku moja mufanya biashara akaleta kipande chenye kuwaka: franga 5, 1961. Akaomba dola 400. Siku ile ile mama wa kijana, muuzaji wa sokoni, alikuwa amemupa feza za masomo ya mudogo wake azipeleke ku shule. Zilikuwa mufukoni. Kijana akaziguza.

Nkambo mwanamuke alikuwa amekaa ku mulango. Akasema:

— Mutoto wangu, hapa Kolwezi mizani inakosekana? Kamata franga yetu ya shaba, weka huku. Hii ya baba weka kule.

Wakaenda kwa jirani mwenye mizani. Watu wa migodi tunajua hii: zahabu ni nzito sana. Franga 5 ya kweli ya zahabu ina gramu 13,33. Ya shaba, kwa ukubwa ule ule, inafika karibu nusu tu. Basi mizani ingepaswa kulala upande mumoja. Ikasimama sawasawa. Ilikuwa shaba iliyopakwa rangi. Tena bei yenyewe ilikuwa inasema: zahabu ya ndani peke yake leo inapita dola 400 mbali. Mufanya biashara akakamata kitu chake, akasema hata yeye walimudanganya. Labda ni kweli.

Kijana akapeleka feza ku shule. Lakini mangaribi alikaa kimya na kopo yake. Nkambo akamuambia:

— Nkambo wako alilipwa na hizi mbili. Ile ya zahabu hakuiona hata siku moja. Nani angenunua mukate na gramu 12 za zahabu juu ya franga tano? Ile ilikuwa ya watu wa kuweka. Sasa wewe unataka kukamilisha kopo ya nani?

Vijana, kukusanya si zambi, na kutamani ya mwisho si haya. Lakini pima mbele ya kulipa. Usilipe na feza ya mwingine. Na fasi tupu ni afazali kuliko fasi iliyojaa uongo.

Kijana yule ameandika karatasi, ameiweka ndani ya kopo: jina la nkambo, mwaka alioingia kazini, kambi aliyokaa. Nkambo mwanamuke ndiye alimusomea, yeye akaandika. Habari zile hakuna kataloge inayouza, na wenye kuzijua wanapunguka kila mwaka. Nyumbani kwenu, ni nani bado anazikumbuka? Muulizeni wiki hii.