Wingu la kwako mwenyewe: Kuliwasha ni dakika chache, kulitunza ni kazi ya miaka

Juni 10, 2025, mkurugenzi wa masuala ya umma na sheria wa Microsoft Ufaransa, Anton Carniaux, alikaa mbele ya kamati ya Seneti ya nchi hiyo akiwa chini ya kiapo. Swali lilikuwa moja: Je, anaweza kuhakikisha kwamba data za Wafaransa hazitakabidhiwa kwa serikali ya Marekani bila idhini ya Ufaransa?

Jibu lake: hawezi kuhakikisha. Akaongeza kwamba jambo hilo halijawahi kutokea.

Jibu hilo ndilo linaloeleza kwa nini ofisi nyingi, kubwa kwa ndogo, sasa zinaulizana kitu kimoja: mafaili yetu yanakaa kwa nani?

Kisa cha Ujerumani

Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, halikusubiri. Aprili 2024 serikali yake ilitangaza kwamba kompyuta zipatazo 30,000 za watumishi wa umma zitaachana na Microsoft Office na kutumia LibreOffice. Kwa mafaili ya pamoja, jimbo likachagua Nextcloud, programu huria ambayo mtu anaiweka kwenye seva anayoisimamia mwenyewe.

Oktoba 2025 jimbo likatangaza kumaliza kuhamisha akaunti za barua pepe zaidi ya 40,000. Haikuwa lelemama. Huduma iliyumba, watumishi wakalalamika, na waziri anayehusika, Dirk Schrödter, akakiri makosa.

Kwa upande wa pesa, Schrödter alisema jimbo litaokoa zaidi ya euro milioni 15 za leseni kwa mwaka, huku mwaka 2026 likitumia euro milioni 9 kukamilisha uhamaji. Maana yake, kumiliki wingu lako si bure. Pesa inatoka kwenye leseni, sehemu yake inakwenda kwa mafundi.

Makontena yamebadilisha nini?

Zamani kuweka mfumo wa aina hii kulihitaji fundi aliyekomaa. Anaweka seva ya wavuti, anaweka PHP, anaweka hifadhidata, kisha matoleo yanagombana na siku inaisha.

Docker, iliyotoka mwaka 2013, ilirahisisha hapo. Programu inafungashwa pamoja na kila kitu inachohitaji ndani ya kontena moja. Ukilipakua, linafanya kazi vilevile kwenye kompyuta ya Dodoma, Kisumu au Berlin. Unaandika faili moja fupi la maelekezo, unatoa amri, wingu linawaka.

Ila kuna mtego wa kwanza hapa. Kontena limetengenezwa ili liweze kufutwa na kuwashwa upya muda wowote. Kama mafaili yako yanakaa ndani yake, yanakwenda nalo. Lazima yaelekezwe kwenye folda ya nje, kwenye diski yenyewe ya seva. Wanaoanza wengi hulijua hili wakiwa wameshachelewa.

Uchague ipi?

Majina yanayotajwa zaidi ni manne.

*Nextcloud* ilizaliwa mwaka 2016, pale Frank Karlitschek alipojitenga na ownCloud aliyoianzisha mwenyewe. Ina kila kitu: mafaili, kalenda, simu za video, kuandika nyaraka pamoja. Kuna toleo la kontena liitwalo All-in-One lenye mfumo wa nakala rudufu ndani yake. Ubaya wake ni uzito, na huwezi kuruka matoleo makubwa. Ukilala miaka miwili bila kuipandisha toleo, utapanda ngazi moja moja.

*ownCloud Infinite Scale* imeandikwa upya kwa lugha ya Go na haihitaji hifadhidata ya pembeni. Ni nyepesi zaidi, ila ina mambo machache.

*OpenCloud* ilijitenga na hiyo mwaka 2025, ikiwa mikononi mwa kampuni ya Kijerumani ya Heinlein. Bado ni changa.

*Seafile* inasifika kwa kasi ya kusawazisha mafaili, kwa sababu inayakata vipande na kutuma kile kilichobadilika tu. Lakini ukifungua diski ya seva hukuti mafaili ya kawaida, unakuta vipande. Siku programu ikigoma, kuyarudisha kunahitaji zana zake.

Swali la kujiuliza ni hili: programu ikifa kesho, mafaili yangu nitayatoaje?

Novemba 2023: Somo la bei kali

Novemba 21, 2023, ownCloud ilitangaza udhaifu uliopewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari. Ulipatikana kwenye kiongezi kiitwacho graphapi, kilichotumia msimbo wa watu wengine. Msimbo huo ulikuwa na anwani ya wavuti ambayo mtu yeyote angeifungua na kuona maelezo ya ndani ya seva.

Waliopata shida zaidi ni waliotumia makontena. Kwa nini? Kwa sababu kwenye makontena ni kawaida pasiwedi kuwekwa kama vigezo vya mazingira, kwenye lile faili fupi la maelekezo. Ukurasa ule ulionyesha vigezo hivyo vyote, na pasiwedi ya msimamizi mkuu ingeweza kuwemo.

Ndani ya siku chache wadukuzi walikuwa tayari wanapita seva moja baada ya nyingine wakijaribu. Na kuzima kiongezi hakukutosha. Msimamizi alitakiwa kufuta faili lenyewe na kubadilisha pasiwedi zote.

Njia ileile iliyorahisisha kuwasha ndiyo iliyoanika siri. Mwenye fundi anayefuatilia matangazo ya usalama alirekebisha mapema. Aliyewasha na kusahau alibaki mlango wazi, bila hata kujua kwamba mlango upo.

Afrika Mashariki hesabu yake ni tofauti kidogo

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Ofisi yenye mafaili kwenye seva ya ndani iliweza kuendelea kuyafungua. Yenye kila kitu nje ya nchi ilisubiri. Hiyo ni hoja nzito ya kuwa na seva karibu.

Upande wa pili ni umeme. Seva inayozimika ghafla inaweza kuharibu hifadhidata, hivyo bajeti ianze na UPS kabla ya diski kubwa. Pia laini nyingi za intaneti ya simu hazimpi mteja anwani yake ya umma. Kuifikia seva ukiwa nje ya ofisi kutahitaji VPN kama WireGuard, ambayo kwa kweli ni salama zaidi kuliko kuiacha wazi kwa dunia nzima.

Kisha kuna sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Zote zinambana anayesafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Lakini zinambana pia anayezitunza ovyo. Kenya inampa muda wa saa 72 kumjulisha Kamishna baada ya kugundua uvujaji wenye madhara. Zahanati au sacco ikiweka seva yake yenyewe na ikadukuliwa, hakuna kampuni kubwa ya kunyooshewa kidole.

Kabla ya kuwasha

Machi 10, 2021 kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg kiliungua. Wateja waliokuwa na nakala sehemu nyingine walirudi kazini. Wasiokuwa nayo, wengine walipoteza kila kitu. Kama moto umeweza kufanya hivyo kwenye kampuni kubwa ya Ulaya, kompyuta iliyo chini ya meza ya mhasibu haina kinga.

Kwa hiyo maswali ni manne. Nani atapandisha toleo kila mwezi, kwa jina? Nakala ya pili iko wapi, nje ya jengo? Ni lini mara ya mwisho mtu alijaribu kurudisha mafaili kutoka kwenye nakala hiyo? Na huyo fundi akiacha kazi, nani mwingine anajua pasiwedi?

Ofisi yenye majibu manne inaweza kumiliki wingu lake na kulala usingizi. Isiyo nayo, ni bora iendelee kulipia huduma ya wenzake huku ikitafuta huyo mtu. Kontena linapatikana bure, mtu wa kulitunza ndiye wa kulipwa.